Sakafu ya chumba cha kulala: kabla hujaingia dukani, pima kwanza kilicho chini

Pima Maji

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna swali haliishi: "Nimefika finishingi, chumbani niweke nini?" Basi wadau wanamiminika. Huyu tailizi, yule SPC (vipande vya unga wa mawe na plastiki), mwingine zulia ukuta kwa ukuta, na mwisho uzi mzima unageuka ubishi wa bei za Kariakoo. Sijaona anayemuuliza mwenye nyumba jambo la kwanza: chini ya jamvi lako, yaani lile zege la chini linalobeba sakafu, uliweka nini?

Kazi yangu ni kusimamia mafundi wa sakafu, sana sana Dar na Mkoa wa Pwani. Msimamo wangu nautoa mapema, anayetaka kubisha abishe: sakafu ya chumba cha kulala haichaguliwi kwa picha, inachaguliwa kwa unyevu. Sebule milango iko wazi kutwa, upepo unapita. Chumbani kuna godoro, kabati la nguo, masanduku chini ya kitanda, pazia zito, na mlango umefungwa usiku kucha. Unyevu ukishaingia humo hautoki wenyewe. Utausikia kwenye shuka kabla hujauona sakafuni.

Tuanze na jamvi. Nyumba iliyojengwa inavyotakiwa ina kifusi kilichoshindiliwa kwa matabaka, mawe, juu yake mchanga au moramu laini ya kuziba mapengo, halafu nailoni nzito ya geji 1000, ndipo zege linamwagwa. Ile nailoni ndiyo inayozuia maji ya ardhini yasipande. Sasa pita mtaani uulize nyumba ngapi zimewekewa. Wengi wanairuka kwa sababu haionekani na fundi hakukumbusha. Wengine wameiweka, lakini vibarua wakapita juu yake na matoroli ikachanika, au vipande havikupishana kwenye maungio. Ukanda wa pwani tuna janga jingine, mchanga wenye chumvi. Chumvi inavuta maji kutoka hewani, kwa hiyo hata pasipo na maji ardhini sakafu inalowa masika, na kiangazi inatoa unga mweupe.

Kujua hali ya kwako huhitaji mashine. Chukua nailoni inayoonyesha, kata mraba wa kama sentimita 45, iweke kwenye sakafu ya saruji iliyo safi, kisha bandika pande zote nne kwa utepe mpana wa gundi, pasibaki hata upenyo. Iache usiku mzima na mchana wake. Ukirudi, angalia kabla hujagusa. Kama kuna matone upande wa chini wa nailoni, au saruji imekuwa nyeusi kuliko ya pembeni, maji yanatoka ardhini. Kama chini ni kavu ila juu ya nailoni pameloa, huo ni unyevu wa hewa tu.

Hapo kwenye hewa ndipo wengi wanapochanganya. Masika, Machi hadi Mei, unaingia chumbani asubuhi unakuta tailizi zinateleza kama zimedekiwa. Mwenye nyumba anapiga simu, "fundi, maji yanapanda!" Hayapandi. Hewa imejaa mvuke, sakafu ni ya baridi kuliko hewa, mvuke unageuka maji juu yake. Dawa ni kupitisha upepo au kuwasha feni, si kubomoa.

Ukithibitisha kwamba maji yanatoka chini, usikimbilie kutibu sakafu. Zunguka nje kwanza. Je, ardhi ya nje imepanda juu kuliko jamvi? Bati lina gata, au maji ya paa yanaangukia kwenye msingi? Choo cha masta (chumba kikuu chenye choo ndani) kina bomba linalovuja ukutani? Mara nyingi ugonjwa uko huko. Ukikosa sababu nje, basi unatandika nailoni mpya juu ya jamvi na kumwaga sakafu nyingine juu yake. Hii inakula kama sentimita 5 au zaidi za kimo, na milango yote itabidi ikatwe.

Mwenye sakafu mpya naye asiharakishe. Mafundi wanaojua wanahesabu siku moja ya kukauka kwa kila milimita moja ya unene. Sakafu ya sentimita 5 ni kama siku 50, tena hali ya hewa ikiwa nzuri. Masika hesabu hiyo isahau. Tailizi zinavumilia kuwekwa mapema. Mbao, lamineti (unga wa mbao uliobanwa), epoksi (ile rangi nzito ya plastiki inayomwagwa) na zulia la gundi havivumilii.

Kwa kifupi cha sehemu hii: penye unyevu wa ardhini ambao hujautibu, chaguo lako ni niru (sakafu ya saruji iliyolainishwa kwa mwiko), terazo (kokoto za marumaru kwenye saruji, zikasagwa zing'ae) au tailizi. Vingine vyote unanunua hasara.

Nakuja na aina zenyewe hapo chini.

Dereva Kapumzika

Nimekaa siti ya mbele. Picha ziko wapi mkuu?

Pima Maji

Picha za nyumba za watu siweki bila ruhusa yao, utanisamehe. Tuendelee.

Tailizi. Hizi ndizo zimeshinda mjini na sababu zinaeleweka. Tangu viwanda vya Chalinze na Mkuranga vianze kuzalisha, mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuweka nyumba nzima. Zinadekika, mchwa hawali, na kwa joto la Dar ule ubaridi wake ni faida. Mtoto akitoka kuoga anajilaza chini ya feni kwenye tailizi, huwezi kumtoa.

Ila dukani kuna aina mbili ambazo wauzaji wengi hawakufafanulii. Kuna seramiki ya kawaida, na kuna poseleni. Poseleni imebanwa na kuchomwa kwa joto kubwa zaidi, haizidi nusu ya asilimia kwa kunyonya maji. Namna ya kuzitenganisha pale pale dukani: geuza tailizi, mwagia maji kidogo mgongoni. Seramiki itayanywa ukiangalia. Poseleni itayaacha yamekaa juu.

Kwa nini inakuhusu? Kwa sababu ya gundi. Seramiki unailoweka kwenye ndoo, unaitandika kwa udongo wa saruji na mchanga, inanyonya ule uji wa saruji na kushika. Poseleni hainyonyi, kwa hiyo ule uji wa saruji haupati pa kung'ang'ania. Poseleni inataka gundi yake ya mfuko, ipigwe kwa mwiko wenye meno. Mteja anayenunua poseleni ya gharama halafu anabana kwenye gundi, tailizi zitaanza kulia "kokoko" kabla watoto hawajabadilisha darasa.

Jambo la pili ni mtindo wa kubandika tailizi kwa mafungu matano ya gundi au udongo wa saruji. Fundi anaweka fungu moja kila kona na moja katikati, anabandika, anagonga kwa nyundo ya mpira, pima maji inasema sawa, anasonga. Chini kumebaki mapango. Siku mguu wa kitanda chenye kabati na watu wawili ukikalia pango, tailizi inapasuka, na chumbani vitanda ni vizito. Kwa hiyo, akishaweka tailizi za kwanza, mwambie anyanyue moja papo hapo kabla haijakamata. Mgongo mzima unatakiwa uwe umepakaa. Ukiona madoa matano, simamisha kazi hapo hapo. Zikishakauka, gonga kila moja kwa sarafu, ya wazi utaisikia.

La tatu, ukutani. Fundi asikutanishe tailizi na ukuta. Aache nafasi ya milimita 5 hadi 10, skatingi (vile vipande vya chini ya ukuta) itaificha. Vitu vinatanuka kwa joto. Zikikosa pa kwenda zinanyanyuka katikati ya chumba, mbili zinasimama kama paa la kibanda, na mwenye nyumba anadhani ni mambo ya kishirikina.

Mama Tausi

Asante kaka. Mimi nina mtoto wa miaka sita ana pumu. Baba yake anataka zulia chumba kizima, anasema tailizi zitampa kifua kwa baridi. Tupo Tabata. Nifanyeje?

Pima Maji

Pole dada yangu. Mwambie shemeji kwa upole kwamba anaogopa kitu ambacho sicho. Kinachosumbua wenye pumu wengi ni vumbi na utitiri wa vumbi, vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi kwenye godoro, mito na mazulia, na vinastawi penye hewa ya unyevunyevu. Zulia lililogandishwa ukuta kwa ukuta huwezi kulitoa nje, na kwa hali ya hewa ya Dar halikauki vizuri hata ukilifyonza kila siku. Weka tailizi, kisha zulia dogo pembeni ya kitanda, lile unaloweza kulibeba kwa mkono mmoja, ulifue na kulianika juani. Mkeka pia unatosha, na unakung'utwa.

Na huyo mtoto mwendelee na daktari wake, mimi ni mtu wa sakafu tu.

Mama Tausi

Nimemsomea. Amenuna lakini amesikia.

Mpangaji Mzoefu

Nyie mnaongea ya wenye nyumba. Sisi wa chumba na sebule, sakafu ya niru imechubuka inatoa vumbi, mwenye nyumba hataki kusikia. Kapeti la plastiki vipi?

Pima Maji

Mkuu, kapeti la plastiki limetusitiri wengi, silidharau. Mambo machache ya kuzingatia. Fanya ule mtihani wa nailoni kwanza, kwa sababu plastiki inafunika unyevu ukabaki chini unaoza. Usiligandishe kwa gundi, utaharibu sakafu ya watu na siku ya kuhama utaliacha. Kabla hujanunua pima upana wa chumba na upana wa roli, la sivyo mshono utaangukia mlangoni, mahali panapokanyagwa kuliko pote, na hapo ndipo litachanika. Chukua nene kidogo, nyepesi inaiga kila kokoto iliyo chini. Likiwa jipya lina harufu kali, litandaze barazani kwanza lipoe. Na kila ukifanya usafi mkubwa kunja kona uangalie chini. Ukiona weusi weusi, liinue, pakauke.

Hilo vumbi linatokana na niru iliyopigwa kwa maji mengi au haikumwagiliwa baada ya kupigwa. Kama mwenye nyumba anakuruhusu, kuna rangi za sakafu za saruji, osha sakafu vizuri, iache ikauke, paka mara mbili. Vumbi litakoma.

Mzee wa Niru

Nimefurahi niru imetajwa, maana vijana mmeisahau. Nyumba yangu ya kijijini ni niru nyekundu, inapigwa nta, unajiona uso.

Pima Maji

Mzee, shikamoo. Niru inayopigwa na anayejua ni sakafu nzuri kuliko tailizi mbovu, nitalisema hata mbele ya wenye maduka. Tatizo ni mafundi. Niru inapigwa sakafu ikiwa bado mbichi, si siku ya pili. Unanyunyiza saruji, unasubiri inyonye maji, unaipiga kwa mwiko wa chuma, unaiacha ivute, unarudi tena kuipiga. Fundi anayelipwa kwa chumba hana subira hiyo, anapaka uji wa saruji juu ya sakafu iliyokwisha kukauka na mwezi ujao inabanduka kama magamba. Na baada ya hapo wiki nzima ya kumwagilia maji. Mchanganyiko wa chini usizidi mchanga ndoo tatu au nne kwa saruji ndoo moja, na mchanga uwe wa mto, umechekechwa.

Nikiwa bado kwenye hizi za zamani: mimi binafsi ningejenga leo, vyumbani ningeweka terazo. Nendeni kwenye hospitali na shule za zamani za serikali mkaangalie, watu wamekanyaga miaka na miaka bado inang'aa. Kokoto ndogo za mawe ya marumaru kwenye saruji nyeupe au ya kijivu, inagawanywa kwa vipande vya plastiki au shaba ili isipasuke ovyo, ikikauka inasagwa kwa mashine kuanzia jiwe kali hadi laini, matundu yanazibwa kwa uji wa saruji, inasagwa tena, inapigwa nta. Haina maungio ya kukusanya uchafu. Kikwazo ni tope. Kusaga kunatapakaza uji mweupe kila pahali, kwa hiyo lazima ifanywe kabla ya rangi, kabla ya milango, kabla ya kabati. Mtu akija na wazo la terazo wakati siling bodi na rangi vimeshaisha namwambia aache tu.

Kijana wa Makete

Mkuu huko kwenu mnalia joto. Huku Makete milimani, Juni na Julai ukikanyaga tailizi asubuhi unaruka. Mke wangu anataka mbao kama alizoona mtandaoni. Nimeambiwa lamineti, nimeambiwa SPC, nimeambiwa mbao halisi. Nimechanganyikiwa.

Pima Maji

Huko kwenu naafiki kabisa, tailizi tupu chumbani ni adhabu. Tailizi na mbao zikikaa chumba kimoja joto lake ni lilelile, lakini tailizi inanyonya joto la unyayo haraka, mbao inanyonya polepole. Ndiyo maana mguu unadanganyika.

Mbao halisi: upo karibu na misitu ya kupandwa, lakini msindano ni laini, viatu na miguu ya kitanda vitauacha na mashimo. Mtiki, mninga au mkongo ni habari nyingine, na bei yake pia. Kubwa kuliko jamii ya mti ni ukavu wake. Mbao mbichi ikipigwa leo, kiangazi itafungua mianya unapitisha kidole. Nunua iliyokaushwa, kisha iweke ndani ya chumba hichohicho wiki kadhaa izoee hewa yake kabla fundi hajagusa msumari. Na dawa ya mchwa chini usiiruke.

Lamineti si mbao, ni unga wa mbao uliobanwa, juu una picha ya mbao na tabaka gumu. Kwenye boksi tafuta alama ya AC, kipimo cha ugumu wa tabaka la juu. AC3 inatosha kabisa chumbani, AC4 na AC5 unalipia ugumu wa duka. Adui yake ni maji. Ndoo ya deki ikimwagika ikakaa, kingo zinavimba na hazirudi. Ukiweka hii, mwambie dada wa kazi kwamba deki ya kuloweka imekwisha, ni kitambaa kilichokamuliwa.

SPC ni unga wa mawe na plastiki. Haivimbi kwa maji, mchwa hana la kufanya nayo, na vipande vinabanana vyenyewe bila gundi. Kwa chumba cha Makete chenye jamvi kavu ningekushauri hii au lamineti, chini uweke ile sponji yake nyembamba. Tabaka la juu la milimita 0.3 linatosha chumbani, 0.5 ni la ofisini. Sharti ni sakafu ya chini iwe imenyooka. Weka rula ya mita 2, isiwe na bonde linalozidi milimita 3. Bonde likizidi, maungio yanachezacheza mpaka yanavunjika meno, na yakishavunjika hakuna kubandika. Kuzunguka kuta zote acha nafasi ya sentimita moja. Na kabati la ukutani lijengwe kwanza, sakafu iishie mbele yake, usiikandamize chini ya kabati.

Usidanganywe na neno "haipitishi maji". Kipande hakipitishi, lakini maji yanaweza kuingia kwenye maungio yakakaa chini yake. Ndiyo maana bado tunarudi kwenye mtihani wa nailoni.

Kijana wa Makete

Na epoksi ile ya picha za bahari na samaki?

Pima Maji

Chumbani? Unataka kulala juu ya papa? Ladha ya mtu siingilii. Kitaalamu ndiyo inayochukia unyevu kuliko zote, inapanda malengelenge. Iachie gereji.

Mlolongo Kwetu

Wadau, niko Kenya, upande wa Machakos. Mimi tailizi zangu za chumbani zimepasuka mstari mmoja kutoka mlangoni hadi dirishani. Fundi anasema ni tailizi za bei rahisi. Ni kweli?

Pima Maji

Karibu jirani. Tailizi za bei rahisi zinapasuka ovyo ovyo, moja hapa moja pale. Mstari mmoja unaokatiza chumba kizima ni jamvi limepasuka chini, tailizi zimefuata tu. Upande huo mna ule udongo mweusi, ukiloa unavimba, ukikauka unanywea na kufungua nyufa ardhini. Uliondolewa kabla ya kujenga?

Mlolongo Kwetu

Walitoa kidogo, wakajaza maramu juu.

Pima Maji

Huo "kidogo" ndio shida. Udongo mweusi unachimbwa mpaka ufikie ardhi ngumu, ndipo unajaza maramu na kushindilia. Usinunue tailizi nyingine sasa. Weka alama za penseli kwenye ncha za ufa na tarehe, angalia mvua zikija na zikiisha. Ufa ukiendelea kutembea, mwite mhandisi aangalie msingi. Ufa ukitulia, toa tailizi za mstari huo tu, ziba, rudisha. Wakati ukisubiri tandika zulia, ndiyo raha ya zulia lisilogandishwa.

Bint Mkunazini

Assalaam alaykum. Sisi tuna nyumba ya marehemu babu Mji Mkongwe, Unguja. Chumba cha bibi kiko ghorofa ya juu, sakafu ni ya chokaa na mawe juu ya maboriti, imechimbika. Ndugu wanataka imwagwe zege na kutiwa vigae ipendeze. Bibi mwenyewe anasema msiniguse. Nani ana haki?

Pima Maji

Waalaykum salaam. Bibi ana haki, na umpe salamu zangu.

Sakafu zile zinabebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba na virefu, upana umefuata urefu wa boriti. Zimebeba uzito mkubwa tayari. Ukiongeza zege na vigae juu yake umeongeza mzigo kwa boriti ambazo hujui ncha zake zilizoingia ukutani zina hali gani. Halafu chokaa inapumua, unyevu unaingia na kutoka. Ukiifunika kwa saruji na vigae unyevu unabaki kwenye boriti na zinaoza kimyakimya.

Mashimo yazibwe kwa chokaa na fundi wa chokaa, bado wapo. Juu yake bibi atandikiwe mikeka au busati kama alivyozoea. Tena Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, kazi ya namna hiyo mnaanza kwa kuiuliza Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla hamjamwita fundi.

Bint Mkunazini

Nimelichapisha jibu hili na kuliweka mezani, kikao ni Ijumaa.

Kigali Leo

Mbona hamtaji sakafu ya udongo? Hapa Rwanda kuna shirika linaitwa EarthEnable, wanatengeneza sakafu ya udongo na changarawe iliyoshindiliwa, halafu wanapaka mafuta yanayotokana na mbegu za kitani. Yakikauka yanakuwa magumu, unafagia na kupangusa. Bei ni chini sana kuliko saruji.

Pima Maji

Asante kwa kuleta hilo. Vijijini watu wengi wanalala kwenye vumbi tupu, na funza na viroboto vinakaa humo. Sakafu yoyote iliyozibwa ni hatua kubwa kwao. Masharti nadhani ni yaleyale, ardhi iwe imeinuka na maji ya mvua yasiingie. Ukipata nafasi fungua uzi wake, utawafaa wengi.

Mwajuma wa Goba

Fundi, masta yangu ina choo ndani. Mama mkwe anakuja kuishi nasi na ndiye atakayelala humo, miguu haina nguvu. Mume wangu ameshapenda zile zinazong'aa kama kioo.

Pima Maji

Za kung'aa zikae sebuleni, dada. Mama atatoka kuoga na nyayo mbichi usiku, taa imezimwa. Chukua isiyong'aa, yenye ngozi kidogo, kwenye boksi wengine wanaandika R9 au R10, R10 inashika zaidi. Jaribu dukani: mwagia maji, vua kiatu, isugue kwa kisigino. Muuzaji akikushangaa mwache ashangae.

Sakafu ya choo ishuke sentimita 2 hivi chini ya chumba ili maji yasirudi chumbani, lakini kwa mama mwenye miguu dhaifu usifanye ngazi kubwa ya kujikwaa, na ukingo wake uwe wa rangi tofauti auone. Zulia la mlangoni liwe na mpira chini, yale mazulia yanayotelezateleza juu ya tailizi yanaangusha wazee kuliko maji.

Mwajuma wa Goba

Sawa fundi. Chumba ni mita 3.6 kwa 3.6, tailizi 60 kwa 60. Fundi wetu kasema boksi 9.

Pima Maji

Fundi wenu kahesabu kwenye karatasi. Mita 3.6 kwa 3.6 ni mita za mraba 12.96. Boksi la 60 kwa 60 huwa na tailizi 4, yaani mita za mraba 1.44. Ukigawanya unapata 9 kamili, tailizi 36. Hapo hakuna ya kuvunjika, hakuna ya kukata vibaya, na kuta za mtaani kwetu hazijawahi kuwa pembe mraba.

Ongeza skatingi. Kuta nne ni mita 14.4, toa mlango zinabaki kama 13.5. Ukikata vipande vya sentimita 10, tailizi moja inatoa vitano vya uhakika, unahitaji vipande 23, ni tailizi 5. Hapo umefika 41. Boksi 11 zinakupa 44, akiba tatu tu. Nunua 12, zitabaki saba za kukata, kuvunjika na kuweka.

Zote zinunuliwe siku moja, na usome namba ya toleo kwenye kila boksi, ziwe sawa. Toleo likibadilika rangi inapishana kidogo, na kipimo pia kinaweza kupishana milimita moja, maungio yakagoma kunyooka. Dukani chini ya taa hutaona, utaona ukishahamia, jua la asubuhi likipiga sakafu.

Mwajuma wa Goba

12 basi. Zitakazobaki nimpe fundi?

Pima Maji

Hata moja usimpe. Miaka mitatu mbele muundo huo hautaupata dukani. Ziweke stoo, zisimame kwa ukingo zikiegemea ukuta, zisilazwe. Na boksi tupu moja lihifadhi lenye ile namba.